Marahaba, Wanangu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa nimeshavaa sare: suruali ya kijivu, shati la kijivu, kofia na barakoa nyeupe. Jengo lilikuwa la ghorofa tisa, karibu na stesheni ya Shimbashi, na mimi nilipewa ghorofa ya nne, ya tano na ya sita. Nakusanya taka kwenye mapipa ya chini ya meza, nazitenganisha, karatasi huku, plastiki huku, chupa kule. Nafuta meza. Napiga deki vyooni. Saa mbili na nusu nimemaliza, nimebadilisha nguo, nakimbilia darasani. Mwanafunzi mgeni Japani anaruhusiwa kufanya kibarua saa 28 kwa wiki, na mimi nilizitumia zote.

Nyumbani Dar es Salaam nilikuwa nimesema nafanya kazi ofisini. Haukuwa uongo. Ofisi zilikuwepo.

Wafanyakazi waliowahi kufika walinikuta nikimalizia korido. Wachache walinitikisia kichwa. Wengi walinipita kama mtu anavyopita nguzo ya umeme, hakugongi, hakuoni. Sikuwalaumu. Nilikuwa na deni la aina hiyo hiyo, la zamani, na nitalifikia.

Kijapani changu wakati ule kilikuwa cha mtoto wa darasa la pili, kwa hiyo nilipoingia maktaba ya mtaani kwetu nilikwenda moja kwa moja kwenye rafu za vitabu vya picha. Huko ndiko nilikokutana na wale wanaume. Picha ni nyeusi na nyeupe, imepigwa na Minoru Hirata. Barabara ya mjini, watu wa suti wanapita, na katikati ya njia ya waenda kwa miguu kuna wanaume waliovaa makoti meupe kama ya maabara na barakoa nyeupe. Wamepiga magoti. Wanasugua vigae vya njia kwa brashi na matambara, kimoja kimoja, kama mtu anayesafisha kidonda. Pembeni kuna kibao kinachotangaza kwamba hapa usafi unaendelea.

Nilidhani ni picha ya wafanyakazi wa manispaa. Nikasema moyoni, angalau kuna mtu aliwahi kuwapiga picha wafagiaji. Kisha nikatoa simu nikaanza kutafsiri maelezo, neno kwa neno, na nikagundua kwamba hakuna mfagiaji hata mmoja pale. Walikuwa wasanii.

Nilikifunga kile kitabu. Nakumbuka nilikifunga kwa hasira kiasi kwamba mzee wa meza ya jirani aligeuka.

Ilinichukua wiki mbili kurudi kukifungua. Wasanii wale walijiita Hi-Red Center, na wenyewe kwa hakika walikuwa watatu: Jiro Takamatsu, Genpei Akasegawa na Natsuyuki Nakanishi. Jina la kundi ni mchezo tu. Walichukua mwanzo wa kila jina la ukoo: *taka*, ambayo kwa Kijapani ni juu, *aka*, nyekundu, na *naka*, katikati. Wakayageuza kwa Kiingereza, wakayapanga, jina likapatikana. (Kwetu taka ni taka. Nililicheka hilo peke yangu, nikakosa wa kumhadithia.) Alama yao ilikuwa ile ya mshangao, nyekundu, basi. Hawakuwa na katiba, mwenyekiti wala mweka hazina. Kikundi cha akina mama cha kukopeshana kina mpangilio kuliko wao. Watu wengine waliingia wakatoka kadiri ya shughuli ya siku hiyo. Kundi lilianza 1963, na mambo yake makubwa yote yaliisha kabla 1964 haijaisha.

Kila mmoja alikuja na ugonjwa wake. Takamatsu alikuwa mtu wa kamba: aliwahi kuivuta kamba kutoka kwenye maonyesho pale Ueno mpaka nje ya jengo, kana kwamba mchoro umekataa kukaa ukutani. Nakanishi alikuwa na vibanio vya kuanikia nguo, akivibana kwenye turubai na hata kwenye nyuso za watu. Mwaka 1962, kabla kundi halijapata jina, alipanda treni ya Yamanote, ile inayozunguka Tokyo bila kufika mwisho, akiwa amejipaka uso mweupe, ameshika vitu vya umbo la yai vinavyopenya mwanga, ndani yake mna takataka ndogo ndogo zilizogandishwa. Abiria wakaendelea na safari zao. Akasegawa yeye alifunga vitu kwa karatasi, na alikuwa na noti. Nitarudi kwenye noti.

Januari 1964 walikodi chumba kwenye Hoteli ya Imperial, ile ya zamani iliyosanifiwa na Frank Lloyd Wright, wakawaalika watu waje kupimwa. Urefu, uzito, picha za pande zote, na hata kuingizwa kwenye bafu lililojaa ili ijulikane mwili wao unamwaga maji kiasi gani. Sababu iliyotajwa: kila mtu atengenezewe handaki lake binafsi la kujikinga na bomu la nyuklia, la kipimo chake kamili. Yoko Ono alikuwa miongoni mwa waliofika. Hiroshima ilikuwa na miaka 18 tu. Kitu kimoja nilichowapenda ni hiki: hawakuwahi kucheka. Walifanya upuuzi kwa uso wa karani wa serikali anayekuuliza nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Sasa Ginza.

Oktoba 1964 Tokyo ilikuwa mwenyeji wa Michezo ya Olimpiki, ya kwanza kufanyika Asia. Treni ya kasi ya Shinkansen ilianza tarehe 1 mwezi huo. Barabara za juu zilishapitishwa katikati ya mji, nyingine juu ya mito na mifereji ya zamani. Na mji ulikuwa unasafishwa. Kwa muda mrefu wananchi walihimizwa wafagie, wasitupe taka, wasiteme mate, wasikojoe barabarani, maana wageni wanakuja. Watu waliokuwa wakilala nje wakasogezwa ambako kamera hazifiki. Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi. Sote tumeona mji wetu ukipakwa chokaa usiku kwa sababu kesho anapita mgeni, na tumeona meza za mama lishe zikibebwa kwenye karandinga.

Tarehe 10, siku ya ufunguzi, wale jamaa walipanda juu ya paa la jengo moja wakaanza kudondosha vitu chini: nguo, vitabu, viatu, sanduku. Wakavikusanya, wakavifungia kwenye kabati la kuhifadhia mizigo la stesheni, na ufunguo wakamtumia kwa posta mtu waliyemwokota jina kwenye kitabu cha simu. Namfikiria mtu huyo mara kwa mara. Anafungua bahasha, anakuta ufunguo.

Siku sita baadaye, tarehe 16, wakaenda Namiki-dori, Ginza, mtaa wa maduka ya watu wenye pesa, na makoti yao meupe. Tukio lilipewa jina refu la kiserikali, kampeni ya kuhamasisha usafi na mpangilio katika eneo la mji mkuu. Kwa kifupi ni *Tukio la Usafi*. Walipiga magoti mchana kweupe wakasugua njia ya umma, bila kibali cha mtu. Hakuna aliyewakamata. Nani amkamate mtu aliyevaa koti jeupe anayefanya hasa kile ambacho serikali imesema kifanywe?

Siku hiyo hiyo, kilomita chache kutoka pale, ndani ya Uwanja wa Taifa, ilikimbiwa fainali ya mita 800. Mkenya, Wilson Kiprugut, alimaliza wa tatu na kuipa nchi yake medali ya kwanza ya Olimpiki. Kenya ilikuwa haijatimiza mwaka tangu uhuru. Nilipoona tarehe zimelingana nilikaa nikajaribu kuziweka picha mbili pamoja: mtu wetu anakimbia mbele ya maelfu, dunia nzima imemkazia macho, na huku wanaume wamepiga magoti wanasugua sakafu ya mji, watu wanawaruka. Ukiniuliza hizo picha mbili zinaambiana nini nitakujibu tu kwamba mimi nilikuwa upande wa sakafu.

Mama yangu alianza kufagia barabara nilipokuwa darasa la sita, mwaka baba alipofariki. Kipande chake kilikuwa Barabara ya Morogoro, kutoka Magomeni Mapipa kushuka Jangwani. Alitoka nyumbani saa kumi usiku na ufagio wa chelewa aliousuka mwenyewe kwenye mpini mrefu, maana ule wa kampuni ulikuwa mfupi na ulimuua mgongo. Alivaa kizibao cha njano chenye mistari ya kung'aa, mabuti ya mpira, na mtandio aliouzungusha puani na mdomoni kwa ajili ya vumbi. Kampuni yenye tenda ililipa ilipojisikia. Kwa ufagio ule nilipata daftari, sare, na pesa ya tuisheni.

Shuleni nilisema mama ni mfanyabiashara.

Nilikuwa kidato cha tatu. Jumamosi, tunatoka tuisheni, tuko wanne, tunabishana mpira. Karibu na Mapipa nikamwona kwa mbali. Ukimjua mtu unamjua hata kwa namna anavyoinama. Kulikuwa na nafasi ya kuvuka barabara, lakini ningevuka vipi peke yangu bila kuulizwa? Nikaongeza sauti ya ubishi. Nikatazama mbele. Nikapita, mita moja kutoka kwake, na vumbi la ufagio wake likatua kwenye viatu vyangu alivyovinunua yeye.

Mwenzetu mmoja, mtoto wa Lushoto aliyelelewa na bibi yake, alikuwa na tabia ya kumwamkia kila mtu mzima anayekutana naye. Tulimtania sana kwa hilo. Akasimama. "Shikamoo mama. Pole na kazi."

Mama akanyoosha mgongo, akautazama ufagio, akasema, "Marahaba, wanangu."

Wanangu. Kwa wingi. Alitujibu wote wanne, hata sisi watatu tusiosema neno, na kwa wingi ule akanificha ndani ya kundi. Usiku alinipakulia wali na dagaa, akaniuliza tuisheni ilikuwaje. Nikasema nzuri. Hatukuwahi kulizungumza tena.

Kwa hiyo ndiyo hasira niliyofungia kitabu. Niliona wanaume waliosoma vyuo vya sanaa wakivaa kazi ya mama yangu kwa nusu siku, wakipigwa picha, wakirudi nyumbani, na picha ikaingia kitabuni na makumbusho. Mama alipiga magoti miaka tisa na hakuna picha yake hata moja kazini. Mwaka 1966 wasanii wa Fluxus walirudia tukio lile New York. Yaani kuna watu walivuka bahari kuiga kuigiza kufagia.

Kilichonilegeza ni ile noti.

Mapema 1963 Akasegawa alichapisha noti ya yeni 1,000 upande mmoja tu, kwa wino wa rangi moja. Upande wa pili akaandika mwaliko wa maonyesho yake, akawatumia marafiki. Baadaye alichapisha nyingine akafungia vitu, akaziunga kwa bolti. Huwezi kununulia hata mkate. Lakini dola ikaja. Alishtakiwa 1965 kwa sheria ya mwaka 1895 inayokataza kuiga fedha, na kesi ikaanza kusikilizwa Tokyo mwaka uliofuata. Utetezi ulikuwa kwamba hii ni sanaa, na ili kulithibitisha hilo sanaa ikabidi iletwe mahakamani kama kielelezo. Chumba cha mahakama kikageuka maonyesho, na mahakimu wakakaa kuangalia vitu vya Hi-Red Center wakielezwa na mashahidi, wakosoaji wa sanaa na wasanii wenzake. Akatiwa hatiani Juni 1967: miezi mitatu ya kazi ngumu, kifungo cha nje. Akakata rufaa mpaka Mahakama ya Juu, akashindwa 1970. Katikati ya hayo alitengeneza noti ya yeni sifuri, akatangaza atambadilishia yeyote kwa yeni 300 halisi. Hesabu zake ni kwamba watu wakimletea pesa zote za nchi, nchi itabaki na sifuri.

Nilizunguka na jambo hilo wiki nzima nikiwa na deki mkononi. Mtu yule yule aliiga vitu viwili. Aliiga noti, akapelekwa mahakamani miaka mitano. Aliiga mfagiaji, katikati ya mji mkuu, wiki ambayo polisi walikuwa kila kona, na hakuna aliyemgusa. Noti bandia inaitia serikali hofu. Mfagiaji bandia anafagia kweli. Tofauti haionekani, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwangalia yule wa kweli vya kutosha kuijua. Sina hakika kama hilo ndilo walilolitaka. Wao walikuwa wanaidhihaki serikali na usafi wake wa kuonyesha wageni. Lakini picha ikishapigwa si ya aliyemo peke yake, na mimi niliposoma hayo yote nilirudi kuwaangalia, si wale wa magotini, bali wale wa suti wanaopita. Kuna mmoja anatazama mbele kwa bidii. Nilimjua. Shingo ile naijua kwa ndani.

Asubuhi moja baada ya kazi nilitembea kutoka Shimbashi mpaka Namiki-dori. Si mbali. Ni mtaa wa miti na vioo, saa za mkononi za bei ya nyumba, na njia safi kiasi kwamba unaona aibu kukohoa. Mbele ya duka moja palikuwa na mzee wa sare ya bluu akiokota majani kwa koleo refu. Wajapani wana neno la kumwambia mtu aliye kazini, *otsukaresama*. Walimu wa Kiingereza huhangaika kulitafsiri. Mimi halikunipa shida hata siku moja. Ni "pole na kazi", halipungui, halizidi. Nikamwambia. Akageuka, akaitazama sare iliyokuwa ikichungulia kwenye mfuko wangu, akainama kidogo akanirudishia neno lile lile.

Jumamosi ile nilimpigia mama kwa video. Nikamwambia kazi yangu ya ofisini ni kusafisha ofisi. Akacheka mpaka akashika kiti. "Kwa hiyo umekwenda mpaka Japani kufagia!" Kisha, kwa sauti nyingine: "Wanakulipa kwa wakati?" Nikasema kila tarehe 25. Akasema alhamdulillahi.

Nikamtumia picha za wale jamaa, nikamweleza habari yao kadiri nilivyoweza. Akavaa miwani. Alizikuza, akanyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekata.

"Huyu hajawahi kufagia," akasema. "Angalia, anasugua anakwenda mbele. Unasafisha unarudi nyuma, usije ukakanyaga ulipopasafisha. Na maji ya kusuuzia yako wapi?"

"Ni wasanii, mama."

"Nimekusikia. Walilipwa na nani?"

"Hawakulipwa."

"Na taka walipeleka wapi?"

"Hapakuwa na taka. Mtaa ulikuwa safi tayari."

"Kumbe." Akavua miwani, akaifuta kwa kanga. "Yule mwenzio aliyeniamkia siku ile pale Mapipa, siku hizi humtaji. Yuko wapi?"

Miaka kumi na mitatu. Nikamwambia ni mwalimu, Handeni, ana watoto wawili.

"Alijua mimi ni nani?"

"Hapana, mama."

"Basi mwambie," akasema, na akaanza kunieleza kuhusu bomba la jirani lililopasuka, jinsi maji yalivyoingia mpaka uani, nani kaitwa na nani kakataa kuja, mpaka bando lake likaisha.